Redio Aenda Kunyamaza

Wateja walimwita Redio, naye hakuona ubaya. Redio, alisema, ni kitu cha maana, kila nyumba inaitaka. Alikuwa msusi, mnene kiasi, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi kuliko vidole. Ukikaa kwenye kigoda chake asubuhi, utainuka umesukwa vizuri, tena umeshajua nani kapata kazi, nani kaachika, na nani kanunua kochi lisilopita mlangoni. Alianza kuongea anapofungua kufuli la saluni na akanyamaza anapolala, na mumewe alikuwa akisema hata hapo si mara zote.

Saluni yenyewe ilikuwa nusu ya chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa sababu pindo lake huwezi kuliona hata ulitafute kwa tochi. Upande wa dirishani kulikuwa na kioo kirefu, beseni la kuoshea nywele na draya ya kusimama, ile yenye kofia kubwa, inayonguruma kama lori linalopanda mlima. Upande wa mlangoni ilikuwepo cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na sanamu ya kuvalishia nguo, isiyo na kichwa wala mikono. Hiyo sanamu waliipa jina la Shangazi, kwa kuwa haikosi kusimama katikati ya kila jambo.

Hapakuwa na ukuta kati yao. Nywele za huku na nyuzi za kule zilichanganyika sakafuni, na aliyewahi kufika asubuhi ndiye aliyefagia zote. Redio alipoolewa hakuwa na pa kufanyia kazi, na Bi Pindo ndiye aliyesogeza meza yake mwenyewe, akachora mstari wa chaki katikati ya chumba, akasema, "Huku kwako." Mstari ulifutika wiki hiyo hiyo na hakuna aliyeuchora tena. Redio aliongea, Bi Pindo akachekea puani huku akikanyaga pedali, na maisha yakaenda hivyo miaka na miaka.

Sasa akatokea fundi saa.

Huyu alikuwa bwana mpole aliyefiwa na mkewe zamani, mwenye meza yake ndogo chini ya ngazi za jengo la mbele. Alileta suruali ipunguzwe. Mara ya kwanza ilikuwa ndefu kweli. Mara ya pili Bi Pindo akaipima, akaona iko sawa, lakini mteja ni mteja, akaipunguza kidole kimoja. Akairudisha tena. Suruali ile ile. Ilishafika kwenye vifundo vya miguu na bado ilikuwa inapanda.

"Wifi," Redio akasema siku moja, "muonee huruma huyu mtu. Mkichelewa mtaoana yeye yuko kwenye kaptula."

Bi Pindo alicheka mpaka akajichoma sindano. Na jioni moja, wakati wanafagia, akasema kwa sauti ya chini, "Amenitamkia ndoa. Sijamjibu, nataka nifikirie. Wewe ndiye wa kwanza kujua, na uwe wa mwisho."

Redio akaapa. Na tumpe haki yake, alijitahidi. Siri ilikaa tumboni mwake usiku mzima na asubuhi nzima, ikimchezea kama mtoto anayekaribia kuzaliwa. Mchana akaingia rafiki yake, nesi wa zahanati, akakaa chini ya draya, na hapo Redio akashindwa. Sasa, kwa wasusi hakuna mahali pa siri kama kwenye draya. Mtu akishaingiza kichwa kwenye ile kofia, huwezi kumnong'oneza, inabidi umpigie kelele. Lakini kwa ule mngurumo hata ukipiga kelele hakuna mwingine anayeshika neno. Wasusi wote wanalijua hilo. Akainama, akavuta pumzi, akapaza sauti kwa kifua chote:

"Fundi saa anamtaka wifi, na wifi anajifanya anafikiria, kumbe ameshaanza kujipimia gauni!"

Umeme ukakatika kwenye neno "fundi". Draya ikafa. Yale mengine yote yakaingia kwenye chumba kilichotulia tuli, kila neno limenyooka, mpaka mama aliyekuwa anapita nje akasimama. Na mlangoni, suruali mkononi, alikuwa amesimama fundi saa.

Hakugomba yule bwana. Aliitundika suruali yake begani kwa Shangazi, akawatakia mchana mwema, akaondoka. Hakurudi tena. Barazani watu wakawa wanamuuliza, "Saa ngapi, bwana harusi?" naye akahamia upande wa pili wa ngazi ili asionekane.

Bi Pindo naye hakupiga kelele. Aliichukua ile suruali, akaipinda kama kawaida, akamvalisha Shangazi. Tangu hapo hakumwambia Redio neno. Likimlazimu jambo, alimwambia Shangazi.

"Shangazi, mwambie huyo mtu aondoe mguu kwenye kitambaa changu."

"Shangazi," Redio akajibu, "mwambie mguu umeondolewa, ila kitambaa ndicho kilikuja kwenye mguu."

Wateja wakazoea. Wakawa wanamsalimia Shangazi kwanza. Redio alicheka nao, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Alimpenda wifi yake kuliko hata dada zake wa tumbo moja, na kuongea kutwa nzima kwenye chumba ambacho mtu mmoja hachekei puani ni kazi ngumu, jamani. Na hapo halijafika lile kubwa. Lilifika asubuhi ya kawaida tu, Bi Pindo akiwa anatia uzi kwenye sindano.

"Shangazi, mwambie huyo mtu mwisho wa mwezi nahama. Nimepata chumba ng'ambo ya mji."

Redio alikuwa ameshika shanuo, likamdondoka.

Jioni ile alijaribu kuomba radhi. Si kwamba hakuwahi kujaribu. Alijaribu mara nyingi, na kila mara alianza vizuri: "Wifi, najua nilikosea." Halafu ikaja "lakini." Lakini na wewe elewa, umeme ulikatika. Lakini kama si umeme, nani angesikia? Lakini hao wa umeme nao wangetoa tangazo. Bi Pindo aliisubiri hiyo "lakini" kama mtu anayesubiri mvua aliyoiona tangu mbali, na ikifika tu, mguu wake ulianza kukanyaga pedali, cherehani ikafunika yaliyobaki.

Mume wa Redio, ambaye ni mdogo wake Bi Pindo, alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa amani. Miezi yote hiyo alikuwa kama kuku mgeni kwenye nyumba zote mbili. Siku moja akatengeneza jokofu kubwa la mahali fulani nje ya mji, palipokuwa bweni la wanafunzi zamani, ambapo siku hizi watu huenda kwenye mafungo ya kimya: wanakaa siku kadhaa bila kusema, wanafumba macho, wanatafakari. Wenyewe wakafurahi, wakampa nafasi mbili za bure. Akampa mkewe moja, akamwambia, "Nenda ukapumzike, upate nafuu ya huu ugomvi na dada." Akampa dada yake ya pili, akamwambia, "Nenda ukapumzike, upate nafuu ya mke wangu." Mtu huyu anaweza kufungua mashine yote ya jokofu na kuirudisha bila skrubu kubaki. Lakini haikumpitia akilini kwamba amewatuma mahali pamoja, siku zile zile.

Redio aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Yeye, aende kunyamaza? Halafu akafikiri. Koo lilikuwa linamkwaruza kwa miezi, kichwa kilimgonga kila jioni, akaisingizia dawa ya nywele. Tena, akasema moyoni, huko nitapata muda wa kuipanga hii radhi ikae sawasawa, iwe na kichwa na miguu, nikirudi niisome yote kabla hajafikia pedali. Akafunga mkoba.

Redio alifika na kundi la mwisho, wengine wameshapelekwa vyumbani, wakapokewa na mwalimu, mama mfupi wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Simu ziliwekwa kabatini. Masharti yalikuwa machache: hakuna kuongea, hakuna kuandikiana, hakuna kupeana ishara wala kutazamana machoni, mpaka kengele ya siku ya mwisho. Kisha akagonga bakuli la shaba, likalia ngoo, na ukimya ukaanza. Redio alijiona shujaa. Alitembea ukumbini mdomo umefungwa, akijipongeza, akasukuma mlango wa chumba alichopangiwa.

Kulikuwa na vitanda viwili. Kwenye kimoja Bi Pindo alikuwa anapiga pasi pembe ya shuka kwa kiganja.

Wenyeji waliona hawa wawili wameandikishwa anwani moja, ile ya saluni, wakasema hao ni ndugu wapendanao, tuwaweke pamoja. Redio akafungua mdomo. Akaukumbuka mwiko, akaufunga. Akaufungua tena. Bi Pindo alimtazama kama aliyekuta nondo kwenye kabati la vitambaa, halafu akakumbuka kwamba hata kutazamana hairuhusiwi, akageukia ukuta. Na Shangazi hakuwepo wa kupitishia ujumbe.

Siku ya kwanza Bi Pindo alimnunia Redio kwa nguvu zote. Shida ikawa kwamba pale nuno halionekani. Mezani alimpa mgongo makusudi, kumbe wote waliokuwa mezani wamepeana migongo. Alimpita kwenye korido bila salamu, na nyuma yake wakaja watu wengine wanane wakampita Redio bila salamu. Redio naye alijaribu kujibu kwa nuno lake la heshima, lile la kubinua mdomo, akakuta hakuna wa kulitazama. Ukimnunia mtu mahali ambapo kila mtu kanyamaza, ni sawa na kumvalia mtu miwani nyeusi gizani.

Na kule ukumbini, loh. Ukae juu ya mto, miguu umeikunja, ufuate pumzi inavyoingia puani na kutoka. Basi. Redio aligundua kwamba ana pua, kitu alichokuwa nacho maisha yote bila kupata nafasi ya kuitembelea. Lakini alipofumba macho, alikuta ndani ya kichwa kuna saluni nyingine, tena ya mkesha wa harusi, wateja wote wameingia kwa pamoja na kila mmoja anataka aanze yeye. Mara bili ya maji, mara yule mama wa kochi, mara mtoto kavaa sweta au hakuvaa, mara umeme, umeme, umeme. Magoti yakauma. Sikio likawasha. Alifungua jicho moja akaona saa haijasogea, akaanza kumfikiria fundi saa, akaona aibu.

Jioni mwalimu aliwasemesha kidogo, kwani yeye peke yake aliruhusiwa. Alisema mawazo yakija, usiyafukuze na usiyakaribishe kiti. Yaache yapite. Kwa Redio hilo lilikuwa jambo geni, maana tangu aanze kazi hajawahi kumwacha mteja atoke bila kuhudumiwa. Lakini alichoka, akajaribu. Mmoja mmoja wale wateja wa kichwani wakaanza kuondoka wenyewe.

Basi mambo yakaanza kumtokea. Koo likaacha kukwaruza. Chakula kikawa na ladha, chumvi ikawa chumvi, na kipande cha tikiti alichokula bila kumsimulia mtu kilimfanya karibu aombe kuonana na aliyelilima. Alilala kabla hajageuka upande wa pili. Akatoka asubuhi akasikia ndege akitembea juu ya bati, vikucha vyake vile, akasimama anatabasamu peke yake kama mwehu. Kichwa hakikumgonga jioni hiyo, wala iliyofuata. Kumbe miaka yote ile kilichomuumiza kichwa si dawa ya nywele, ni yeye mwenyewe.

Lakini kubwa zaidi ni ile radhi. Alikwenda nayo ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Ilikuwa na utangulizi, historia ya ukoo, sehemu ya nesi, sehemu ya hao wa umeme, na hali ya hewa ya siku ile. Aliirudia kila alipokaa. Na kila alipokaa, kitu kikaanguka. Kwanza ikaanguka hali ya hewa. Ikafuata historia ya ukoo. Halafu siku moja, kati ya pumzi na pumzi, akaona kabisa kwamba nesi hakuuliza kitu siku ile, alikuwa amekaa tu na roli zake kichwani. Nesi naye akaondoka kwenye hotuba. Umeme ukabaki. Umeme ulikuwa umeng'ang'ania kweli kweli.

Ikaja siku ya yule bwana mwenye tai. Sijui alikuwa nani nje ya pale, meneja au mkuu wa kitu, mtu mzito, amekaa mbele yao mgongo wima. Ukumbi umetulia. Mara akasinzia, akaanza kukoroma. Si kukoroma kwa kawaida. Alianza polepole, trrr, trrr, akakolea, akaenda kasi, trrrrrr, halafu akakwama, tk. Kimya. Akaanza upya.

Ilikuwa cherehani ya Bi Pindo, yenyewe hasa. Hata pale inaporuka uzi, palikuwepo. Redio akabana midomo. Nyuma ya kope zilizofumbwa aliona gurudumu, mkanda, mguu ukikanyaga. Bwana akaenda kasi tena, akakwama pale pale, tk, na kutoka kwenye mto wa pembeni Redio akasikia sauti aliyoikosa kwa miezi: kicheko cha puani. Akageuka, sharti likavunjika. Bi Pindo alikuwa amefumba macho, uso umeiva, na mguu wake wa kulia unakanyaga pedali hewani bila mwenyewe kujua.

Hapo ilikuwa basi. Walitoka mbio wakiwa wameziba midomo kwa mitandio, wakaenda kuangukia nyuma ya tangi la maji. Walicheka mpaka wakashikana, mpaka Bi Pindo akakaa kwenye tope, mpaka mbavu zikauma na machozi yakawachuruzika. Hawakusema neno hata moja. Kila walipokaribia kutulia, kutoka ukumbini ilikuja trrrr, tk, wakaanza upya. Mwalimu alipotokea kwenye kona, walisimama wima kama watoto wa shule. Alitaka kuwakemea kwa macho, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, akageuka haraka akaondoka.

Waliporudi chumbani wakaona haya. Ugomvi ulikuwa haujaisha, na kucheka si kusameheana. Bi Pindo alifungua kitambaa cha kichwani ili abadilishe nguo zenye tope, na Redio, ambaye kwa sababu ya midomo kufungwa macho yake yalikuwa yamefunguka, akaziona nywele zake. Zilikuwa hazijasukwa. Zilikuwa zimejifunga mafundo, zimekatika pembeni, nywele za mtu ambaye hajaguswa na shanuo la msusi tangu siku ile umeme ulipokatika. Wasusi wamejaa mtaani. Kuna mmoja nyumba ya pili, hodari tu. Na Bi Pindo, na hasira zake zote, hakwenda kwa msusi mwingine.

Redio alijilaza akatazama ukuta. Moyo ulimuuma, na wakati huo huo alitaka kuruka ruka kitandani kwa furaha, kwa sababu nywele zile zilikuwa zinamsubiri yeye. Asubuhi yake, kwenye mto, aliitafuta ile hotuba akakuta umeme haumo.

Siku ya mwisho mwalimu akagonga bakuli, ngoo, akasema sasa mnaweza kuongea. Ukumbi ukalipuka. Watu ambao hawakujuana wakawa wanakumbatiana na kupiga makelele, yule bwana wa tai akiuliza kila mtu kama alimsumbua. Redio alisimama mbele ya wifi yake. Sauti ilitoka ndogo, imekaa siku nyingi bila kazi.

"Wifi, nilikukosea. Uliniamini, nami nikakutangaza. Nisamehe."

Bi Pindo akasubiri. Mguu wake wa kulia ulishajiandaa.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza."

"Hakuna lakini?"

"Hakuna."

"Na umeme?"

"Umeme haukusema kitu, wifi. Niliyesema ni mimi."

Bi Pindo alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama mshono ulioshonwa na fundi mwingine, akitafuta pa kuvuta. Hakupaona. "Haya," akasema. "Nimesikia." Akabeba mkoba wake. Habari ya kuhama hakuigusa, na Redio, ambaye zamani angeiuliza kabla hawajafika getini, aliibana kwenye meno mpaka nyumbani.

Walipofungua chumba kesho yake, Shangazi alikuwa bado amevaa suruali ya fundi saa. Mchana, Bi Pindo alipotoka kununua vifungo, Redio akavuka barabara mpaka chini ya ngazi. Yule bwana alikuwa na kioo chake cha kukuzia jichoni, akashtuka kama aliyeona redio inakuja kwa miguu yake.

"Shemeji nisikuite, sina haki hiyo," Redio akasema. "Nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe. Suruali yako ilipindwa siku ile ile, ipo."

Fundi saa akasubiri aseme na mengine. Mtaa mzima ulimjua. Alipoona mwanamke amegeuka anaondoka, ilibidi atoe kile kioo jichoni amwangalie vizuri kama ni yeye.

Akaja siku mbili baadaye. Redio alikuwa anamsuka mama mmoja, na nesi naye alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri zamu. Kigoda kile, benchi lile, masikio yale yale. Fundi saa akasimama mlangoni mikono mitupu, akasema amekuja kuchukua suruali, na kama Bi Pindo hatajali, ana neno moja.

Bi Pindo akamtazama Redio, si Shangazi, Redio mwenyewe, na yale macho yalikuwa na hofu. Redio akainuka. Akaivuta draya, tupu, hakuna kichwa ndani, akaiwasha mpaka mwisho.

Ikanguruma kama lori. Pale mlangoni midomo ya watu wawili ilikuwa inakwenda, na hakuna aliyeshika hata silabi.

"Draya ya nini, na hakuna mtu?" nesi akampigia kelele sikioni.

"Inapasha moto!" Redio akapiga kelele naye, akarudi kwenye kigoda, akawapa mgongo wale wawili, akaendelea kusuka. Alikuwa anataka kugeuka. Shingo yote ilikuwa inamwasha kwa kutaka kugeuka. Akaifuata pumzi ikaingia puani, ikatoka, ikaingia, na vidole vikasuka mistari iliyonyooka ambayo huyo mama hajawahi kuipata kabla ya hapo wala baada.

Muda ukapita. Kisha sauti ya Bi Pindo ikaja, juu ya mngurumo wote.

"Wifi, zima hiyo draya, unachoma umeme bure."

Wifi. Hakusema Shangazi mwambie. Redio aliizima, na chumba kikatulia tuli, kama siku ile. Fundi saa alikuwa ameshaondoka. Shangazi alikuwa uchi. Bi Pindo alikuwa amesimama katikati ya chumba, pale ulipokuwa mstari wa chaki, hajui mikono aiweke wapi.

"Kile chumba cha ng'ambo nimewaambia wampe mtu mwingine," akasema. "Na hili la leo, haya, watangazie. Najua utapasuka."

Nesi akasogea mbele ya benchi. Redio alikuwa ameona yote usoni kwa wifi yake, kila neno, na lilikuwa limemjaa mpaka kooni.

"La, wifi," akasema. "Hili ni lako. Tangaza mwenyewe."

Na Bi Pindo, ambaye miaka yote ile hakuwahi kupaza sauti ndani ya chumba kile, akavuta pumzi kwa pua, taratibu, kama alivyofundishwa, akatangaza kwa kifua chote kwamba amemkubali fundi saa, mpaka mama aliyekuwa anapita nje akasimama. Nesi aliruka, mama aliyesukwa nusu akainuka na nusu yake, wote wanaongea kwa pamoja. Redio peke yake ndiye hakusema neno. Alikuwa ameiegemea draya, bado ina joto, anacheka na kulia. Baadaye alipopata sauti, alikivuta kigoda katikati ya chumba, akachukua shanuo, akamwambia wifi yake akae, nywele zile zimesubiri vya kutosha.